Kati ya Kujitoa na Kujitolea: Tafakuri Kuhusu Huduma Katika Mafungo ya Jangwani

Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili hufunzwa mapema kwamba mnyambuliko wa vitenzi si mchezo wa silabi. Kiambishi kidogo kikipachikwa katika kitenzi, maana nzima huweza kugeuka. Kitenzi kutoa ni mfano mwafaka. Kikitanguliwa na kiambishi -ji- cha kujirejelea huzaa kujitoa. Mtu anayejitoa huondoka: hujitoa chamani, hujitoa mashindanoni, hujitoa katika shughuli za dunia. Kitenzi hicho hicho kikitiwa katika kauli ya kutendea huwa kujitolea, na papo hapo tendo hupata mtu wa kutendewa. Anayejitolea haondoki. Yupo, tena yupo kwa ajili ya mwingine. Baina ya maneno haya mawili pana silabi moja tu, nayo ni -le-.

Hakuna mahali ambapo silabi hiyo imepimwa kwa ukali kama jangwani. Tangu karne za mwanzo za Ukristo, watu wamekuwa wakiiacha miji na kwenda nyikani kutafuta utulivu wa kusali. Kwa Kiswahili ibada ya namna hiyo huitwa mafungo, na jina hilo limechaguliwa vyema. Limetokana na kufunga, na mtu aliye mafungoni hufunga kweli: hufunga mlango, hufunga kinywa, mara nyingi hufunga na saumu. Hata hivyo, kila mlango unapofungwa huzuka swali la nje ya mlango. Nani anateka maji? Nani amewasha tanuri? Saumu inapofikia ukomo wake jioni, ni mkono wa nani uliokwisha kukichambua na kukipika kile chakula? Mjini swali hili halisumbui, kwa kuwa soko li karibu. Jangwani halikwepeki. Pasipo mtu wa kuhudumu, mafungo hugeuka kuwa kifo cha njaa katika muda wa siku chache.

Insha hii inanuia kumtazama mtu huyo wa nje ya mlango: yule anayekwenda jangwani si kwa ajili ya kusali peke yake, bali kuwapikia, kuwaoshea na kuwapokea wanaosali. Wasimulizi wa habari za watakatifu wamezoea kumpita. Lakini akitazamwa kwa makini, huenda ikadhihirika kwamba yeye si kibarua wa mafungo, bali ni sehemu ya moyo wake.

Inafaa kuanzia Misri. Antoni Mkuu, ambaye kwa kawaida husemwa kuwa alizaliwa mnamo mwaka 251 na kufariki mwaka 356, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa wakaapweke. Maisha yake yaliandikwa na Athanasi, askofu wa Aleksandria, katika karne ya 4. Katika masimulizi hayo Antoni anajifungia ndani ya ngome iliyohamwa kwa muda wa takriban miaka 20. Hapana mfano bora wa kujitoa. Pamoja na hayo, Athanasi anataja jambo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: mara mbili kwa mwaka palikuwa na watu waliomletea mikate, wakimteremshia kutoka juu. Majina yao hayakuandikwa. Walikuja, wakaacha mikate, wakaenda zao. Miaka 20 ya upweke uliotukuka ilisimama juu ya mabega ya watu ambao historia haikuwauliza walitoka wapi.

Yamkini jambo hilo lilimkaa Antoni rohoni. Baadaye alipohamia mlima wa ndani zaidi, karibu na Bahari ya Shamu, aliwaona watu wakitaabika njiani kumpelekea chakula. Hapo aliomba aletewe jembe, shoka na nafaka kidogo. Alilima kiwanja kidogo penye maji, akapanda ngano, akafurahi kwamba hatamchosha mtu tena. Kisha, alipoona wageni wameanza kumfikia huko huko, alipanda na mboga ili mgeni apate cha kumliwaza baada ya safari ngumu. Mtu aliyekuwa amejitoa ulimwenguni sasa alikuwa na bustani ya wageni. Silabi -le- ilikuwa imeingia katika maisha yake, na iliingia kwa mpini wa jembe.

Kwa msomaji wa Kiswahili jembe hilo lina mwangwi. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufasiriwa kama onyo kwa mgeni mvivu, njia ya kistaarabu ya kumwambia kuwa karamu imekwisha. Huko Nitria, kusini mwa Aleksandria, kanuni iliyokaribiana mno na methali hii ilikuwa ikitekelezwa kabla ya mwaka 400. Mwandishi Palladius, aliyeishi huko mwishoni mwa karne ya 4 na kuandika kumbukumbu zake mnamo mwaka 420, anaeleza kwamba kando ya kanisa palikuwa na nyumba ya wageni. Mgeni aliweza kukaa humo kadiri alivyopenda, hata miaka miwili au mitatu. Juma la kwanza aliachwa apumzike. Baada ya hapo alipewa kazi: bustanini, penye tanuri la mikate, au jikoni. Akiwa mtu wa maana, alipewa kitabu cha kusoma.

Palladius anaongeza takwimu yenye kufikirisha. Anasema palikuwa na matanuri saba yaliyowahudumia watu wa mlima ule pamoja na wakaapweke 600 waliokaa katika jangwa kuu. Watu 600 waliokuwa wamefika kilele cha upweke, waliosifiwa kuwa hawahitaji chochote, walihitaji matanuri saba. Kila mkate uliofika kwa mkaapweke ulikuwa umekandwa na mtu aliyeacha usingizi, akavumilia joto la moto juu ya joto la jangwa. Huenda mmoja wa wakandaji alikuwa mgeni wa juma la pili, aliyefika kutafuta wokovu akakabidhiwa unga.

Je, mgeni huyo alikuwa amenyimwa mafungo yake? Swali hili si geni. Limehifadhiwa katika kisa kimoja cha mababa wa jangwani kuhusu Silvanus, mzee aliyekaa katika mlima wa Sinai. Ndugu mmoja alimtembelea, akawakuta watawa wakifanya kazi kwa bidii. Alishangaa. Aliwakemea kwa kutaabikia chakula kinachoharibika, akawakumbusha kwamba katika Injili ni Maria, aliyeketi miguuni pa Bwana, ndiye aliyechagua fungu lililo jema, wala si dada yake Martha aliyehangaikia utumishi. Mzee hakubishana naye. Alimwagiza mwanafunzi wake ampe mgeni kitabu na kumweka katika chumba kisicho na kitu. Saa ya chakula ilipowadia, mgeni alikodolea macho mlango kuona kama ataitwa. Hakuitwa. Uvumilivu ulipomwishia alitoka na kumwuliza mzee kama ndugu hawakula siku ile. Akajibiwa kwamba wamekula. Mbona basi hakuitwa? Mzee akamweleza, kwa upole wenye makali, kwamba yeye ni mtu wa kiroho asiyehitaji chakula cha namna ile, ilhali wao wenye miili inawabidi wale na kwa hiyo wafanye kazi. Mgeni alitahayari, akaomba radhi. Hapo ndipo Silvanus alipomfunza kwamba Maria naye anamhitaji Martha, na kwamba sifa za Maria zimewezekana kwa sababu Martha yupo.

Kisa hiki kina ucheshi wa ngano zetu za Sungura, lakini hoja yake ni nzito. Silvanus hakusema kwamba kazi ni bora kuliko sala. Alikanusha tu uongo wa mtu anayejidai kuwa amevuka hitaji la kuhudumiwa. Njaa ya saa moja ilitosha kumfunulia mgeni kuwa utakatifu wake ulikuwa umeegemea jiko asilolitazama.

Hata hivyo, haki inadai upande wa pili nao usemwe. Katika Injili ya Luka, Martha hakulaumiwa kwa kupika. Alilaumiwa kwa kuhangaika na kusumbuka kwa ajili ya mengi. Huduma nayo ina mitego yake. Mtu anaweza kujificha jikoni ili asikutane na kimya. Anaweza kupiga vyombo kelele ili wanaosali wajue nani anawalisha. Anaweza kuhesabu sahani alizoosha kama mkopeshaji anavyohesabu riba. Sheria ya Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6 na ambayo ilirithi mengi kutoka kwa watawa wa jangwani, ilijaribu kuitegua mitego hiyo kwa njia rahisi: zamu. Kila mtawa, isipokuwa mgonjwa au mwenye jukumu zito, aliingia jikoni kwa juma zima. Zamu ilianza na kumalizika kwa sala mbele ya wote. Aliyetoka pamoja na aliyeingia waliwaosha ndugu zao miguu, na vyombo vilikabidhiwa vikiwa safi. Kwa utaratibu huo hapakuwa na tabaka la wasalio na tabaka la wapikao. Masufii nao wana desturi inayoshabihiana na hiyo: katika zawiya nyingi mwanafunzi huwahudumia wenziwe kabla ya kuruhusiwa kuingia katika khalwa, yaani upweke wa ibada. Neno lao la kazi hiyo ni khidma, na ndilo lililokipa Kiswahili huduma.

Kutoka Misri na Sinai, safari ya wazo hili inaelekea magharibi, hadi jangwa la Sahara, na inaruka karne nyingi. Charles de Foucauld alizaliwa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1858. Alikuwa mwanajeshi kabla ya kuwa mtawa na padri. Mwaka 1901 alikwenda Beni Abbès nchini Aljeria, na mwaka 1905 akahamia Tamanrasset, katika milima ya Hoggar, kukaa miongoni mwa Watuareg. Alijenga kibanda, akakusudia kuwa ndugu wa kila mtu. Haifai kumtakasa kupita kiasi. Alifika huko katika enzi ya utawala wa Ufaransa, alikuwa na marafiki katika jeshi la kikoloni, na mawazo yake kuhusu ukoloni yalikuwa ya Wafaransa wa wakati wake. Lakini maisha yake yana tukio moja ambalo mtu yeyote anayejitolea angefaa kulitafakari kabla ya kufunga virago.

Mwishoni mwa mwaka 1907 ukame ulikuwa umeivamia nchi ile. Foucauld aligawa akiba ya chakula chake kwa wenye njaa. Alikuwa mpweke kupindukia. Kwa mujibu wa kanuni za wakati huo, padri hakuruhusiwa kuadhimisha Misa pasipo mtu wa kumtumikia, naye hakuwa na Mkristo mwenzake. Krismasi ya mwaka huo ilipita bila Misa. Zingatia hali hiyo: mtu aliyeacha vyote ili asali alizuiwa kutekeleza sala iliyokuwa kuu kwake, kwa kukosa mhudumu mmoja. Januari 1908 alianguka kitandani kwa kiseyeye na uchovu, akawa hawezi hata kujongea bila kukatika pumzi. Watuareg waliposikia walizunguka eneo lote, ukame ukiwa umepamba moto, wakitafuta mbuzi waliokuwa bado na maziwa japo kidogo. Maziwa hayo, yaliyotoka vinywani mwa watoto wao wenyewe, ndiyo yaliyomponya.

Siku zile mambo yalipinduka. Aliyekuja kutoa alipokea. Waliodhaniwa kuwa wahitaji ndio waliohudumu. Waandishi wengi wa maisha yake wanaliona tukio hili kuwa mpaka: baada yake Foucauld alizidi kuishi na Watuareg kama jirani. Alijikita katika lugha yao kwa juhudi ya ajabu. Alikusanya maelfu ya mistari ya mashairi ya Kituareg, yaliyochapishwa baada ya kifo chake, na akaandaa kamusi ya Kituareg na Kifaransa iliyotolewa kwa juzuu nne mwaka 1951 na 1952. Wanafunzi wa Kiswahili wanaomfahamu Ludwig Krapf na kamusi yake ya 1882, au Charles Sacleux na ile ya 1939, wataitambua mara moja aina hiyo ya kazi, pamoja na maswali yote yanayoandamana nayo kuhusu nani anaandika lugha ya nani na kwa manufaa gani. Lakini kamusi pia ni zao la kusikiliza. Hakuna awezaye kuandika maelfu ya maneno ya watu bila kuketi miguuni pao. Katika hema za Watuareg, Foucauld aliingia akiwa Martha mwenye mipango mingi, na lugha ikamfanya Maria. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, akiwa hana hata mfuasi mmoja wa kudumu. Jumuiya ya kwanza ya Ndugu Wadogo wa Yesu, inayofuata nyayo zake, ilianza Aljeria mwaka 1933, na mwenyewe alitangazwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Jangwa la tatu liko Syria, na hapa huduma ya kujitolea inaonekana kwa sura yake ya kisasa. Kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Dameski, upande wa mashariki wa mji wa Nabk, pana monasteri iliyojengwa kwenye ukingo wa genge. Inaitwa Deir Mar Musa al-Habashi, yaani monasteri ya Mtakatifu Musa Mhabeshi. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba Musa huyo alikuwa mwana wa mfalme wa Uhabeshi aliyekataa taji, akasafiri hadi nyika hizo kuishi kama mkaapweke. Kwa hiyo Mwafrika anakumbukwa pale kama mwenyeji wa kwanza. Kanisa lililopo lilijengwa katika karne ya 11, na kuta zake zina michoro ya rangi iliyochorwa kwa awamu katika karne ya 11 hadi ya 13. Baadaye watawa walitoweka na jengo likawa gofu.

Mwaka 1982 kijana Mjesuiti kutoka Roma, Paolo Dall'Oglio, alifika kwenye gofu hilo kufanya mafungo ya siku kumi. Paa la kanisa lilikuwa limeporomoka. Alikuja kujitoa kwa siku kumi. Alichoondoka nacho ni wito wa maisha. Kuanzia mwaka 1984 ukarabati ulianza kwa ushirikiano wa Wakristo wa Nabk na watu wa kujitolea kutoka nchi za Kiarabu na Ulaya. Mwaka 1991 jumuiya ya kitawa ilianzishwa chini ya Kanisa Katoliki la Kisiria, ikiwa ya wanaume na wanawake, na pamoja na Dall'Oglio alikuwapo Jacques Mourad, mzaliwa wa Syria. Jumuiya ilijiwekea nguzo tatu: maisha ya sala, kazi ya mikono, na ukarimu. Upeo wa nguzo hizo ulikuwa ni kujenga maelewano kati ya Wakristo na Waislamu.

Nguzo ya tatu inastahili kutuliwa juu yake. Neno la Kiarabu la ukarimu kwa wageni ni diyafa, na msomaji hana haja ya kwenda mbali kulitafuta: limo katika Kiswahili kama dhifa. Safari ya neno hilo baharini imelipunguza kidogo. Dhifa ya Kiswahili ni karamu, tena mara nyingi karamu ya wakubwa, yenye kadi za mwaliko na meza kuu. Diyafa ya Mar Musa ilikuwa kinyume chake. Mgeni alipanda ngazi zaidi ya 300 za mawe hadi kwenye mlango mdogo uliomlazimu ainame, akakaribishwa chai. Hakuulizwa dini wala hakudaiwa kodi ya malazi. Alipewa mkate, jibini, zeituni na godoro. Kanisani alivua viatu na kuketi juu ya zulia. Kila jioni palikuwa na saa nzima ya kimya, kisha Misa kwa Kiarabu. Kabla ya vita, maelfu ya wageni walifika kila mwaka, wengi wao wakiwa Waislamu wa Syria.

Na baada ya chakula, mgeni aliona wenziwe wakikusanya sahani, akainuka naye. Hivyo ndivyo wengi walivyoingia katika huduma, bila fomu wala cheti. Waliosalia kwa majuma au miezi walikata vitunguu, walibeba mawe ya ujenzi, walisaidia kazi za mbuzi, walifua mashuka ya wageni wa jana ili yatumiwe na wageni wa kesho. Hapa methali ya jembe hupata tafsiri nyingine. Jembe la siku ya tatu si lazima liwe njia ya kumfukuza mgeni. Laweza kuwa njia ya kumwambia kuwa hahesabiwi tena miongoni mwa wageni. Anayelishwa milele bila kuombwa kitu anabaki kuwa mtu wa nje, hata akienziwa vipi. Anayekabidhiwa kisu na kapu la vitunguu amepewa nafasi ndani ya nyumba. Kazi ile ndogo ndiyo lugha ya kwanza iliyoeleweka na Mwarabu, Mtaliano na Mfaransa waliokuwa hawana lugha nyingine ya pamoja, na wale walioingia kanisani jioni baada ya kupika kwa pamoja walikaa katika kimya cha watu wanaofahamiana.

Lakini lipo jambo moja ambalo watu wa kujitolea hawapendi kukumbushwa. Anayejitolea anaweza kuondoka. Huo ndio uhuru wake, na ndio udhaifu wake. Ana pasipoti, ana tiketi ya kurudi, ana mji unaomngoja. Mnamo mwaka 2011 machafuko yalipozuka nchini Syria na kugeuka kuwa vita, wageni walikoma kuja na wa kujitolea kutoka nje walirudi makwao. Hawastahili lawama. Lakini ngazi zile za mawe zilibaki, na wenyeji wa Nabk wakabaki, kwa kuwa wao hawakuwa na tiketi. Ndipo maana ya kujitolea ilipoulizwa upya, na safari hii haikuulizwa kwa vitunguu.

Dall'Oglio alitakiwa kuondoka nchini, naye akaondoka Juni 2012. Angeweza kubaki Ulaya akihutubu. Alirudi katika maeneo ya kaskazini yaliyokuwa nje ya mamlaka ya serikali, na tarehe 29 Julai 2013 alitekwa katika mji wa Raqqa, ambako alikuwa ameingia kuwaombea mateka wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Hakuonekana tena hadharani. Wapo waliouona uamuzi wake kuwa wa kishujaa na wapo waliouona kuwa wa kutojali hatari. Pengine wote wana sehemu ya ukweli. Lisilopingika ni kwamba alikataa kuwa mgeni katika nchi aliyoila chumvi yake kwa miaka 30.

Kisa cha Jacques Mourad kina mafundisho ya kina zaidi. Alikuwa amepewa kuitunza monasteri ndugu ya Mar Elian, katika mji wa jangwani wa Qaryatayn. Wakimbizi wa vita walipomiminika, monasteri iliwafungulia milango, Waislamu na Wakristo, na misaada ikagawanywa bila kubagua. Mei 2015 watu wenye silaha walimteka. Alifungiwa kwa majuma mengi, tena katika bafu, huko Raqqa. Agosti mwaka huo mji wa Qaryatayn ulitekwa pamoja na Wakristo wake zaidi ya 200, na monasteri ya Mar Elian ikabomolewa kwa tingatinga. Mourad alirudishwa kwa waumini wake, akiwa mfungwa pamoja nao. Oktoba 2015 aliweza kutoroka, na mwenyewe ameeleza kwamba aliyemsaidia alikuwa Mwislamu. Mwaka 2023 alisimikwa kuwa Askofu Mkuu wa Homs wa Kanisa Katoliki la Kisiria.

Hapa pana maziwa ya Tamanrasset tena. Mwaka 1908 walikuwa Watuareg na mbuzi wao. Mwaka 2015 alikuwa Mwislamu aliyeyaweka maisha yake rehani. Mara zote mbili mlango uliofunguliwa kwa wengine ulikuja kufunguliwa kutoka upande wa pili. Si haki kulifanya hili kuwa biashara, kana kwamba mtu akitoa chai mia moja atalipwa uhai mmoja. Wengi waliotoa hawakulipwa chochote, na wengine waliuawa. Linaloweza kusemwa ni hili: huduma ya kweli haimwachi mhudumu akiwa mtoaji daima. Siku moja humfikisha mahali anapolazimika kunyosha mkono na kupokea. Asiyekuwa tayari kwa siku hiyo hajajitolea bado. Amegawa ziada tu.

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu nchini Kenya wamewahi kwenda mafungoni, japo si jangwani. Katika shule fulani iliyofungwa kwa likizo, watu hukusanyika Ijumaa jioni hadi Jumapili. Mhubiri hukumbukwa kwa jina, kwaya hukumbukwa kwa nyimbo. Kamati ya mapishi huamka saa kumi alfajiri kupuliza kuni mbichi, na Jumapili huondoka ya mwisho, ikiwa inasugua masufuria wakati basi linapiga honi. Ushuhuda wake hausikiki kwenye kipaza sauti. Silvanus angeujua. Matanuri saba ya Nitria yangeujua, na wale watu wasio na majina waliomteremshia Antoni mikate kwa miaka 20 wangeujua kuliko wote.

Kwa hiyo anayejitoa na anayejitolea wasipimwe kwa mizani ya nani bora. Mmoja asipojitoa, hata kwa saa moja ya kimya jioni, huduma yake itageuka kelele za vyombo. Mwingine asipojitolea, upweke wake utakuwa ni njaa ya watu wengine. Kiswahili kimeyaweka maneno hayo jirani, kikaacha nafasi ya silabi moja katikati. Nafasi hiyo ndiyo jiko la jangwani, na mgeni anayekabidhiwa jembe siku ya tatu hana sababu ya kununa. Amefika nyumbani.